Barua ya wazi kwa mawaziri watatu: Baraza la Kata ni mtoto wa nani?

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa)
Waziri wa Katiba na Sheria
Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi

Nakala: Mheshimiwa Jaji Mkuu

Yah: KAUNTA BUKU

Waheshimiwa,

Nawaandikia watu watatu barua moja kwa sababu jambo lenyewe lina wazazi watatu. Baraza la Kata, chombo cha kushughulikia migogoro ya wananchi ngazi ya kata, linategemea halmashauri, na halmashauri ziko TAMISEMI. Mashauri ya ardhi linayopokea yanafuata sheria za ardhi, na ngazi iliyo juu yake, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ilianzishwa chini ya Wizara ya Ardhi. Msaada wa kisheria na utoaji haki kwa ujumla ni vya Katiba na Sheria. Mtoto wa nyumba tatu hulala na njaa, kwa kuwa kila nyumba inaamini amekula kwa jirani.

Mimi ni mtafiti wa sheria. Tangu mwaka 2008 kazi yangu imekuwa kukaa vijijini nikitazama watu wanavyoamuliwa: nani anasikilizwa, nani anakatizwa, nani anaandika, nani hakufika kwa kukosa nauli. Sijawahi kuvaa joho wala kusimama mbele ya jaji. Mama yangu akiulizwa na majirani mwanawe anafanya kazi gani hujibu, "Ni wakili wa kwenye makaratasi," na mpaka leo sijapata jibu bora la kumpa.

Kilichonivuta kwenye kazi hii ni Tume. Nikiwa mwanafunzi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, niliangukia ripoti ya Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, ile iliyoundwa na Mzee Mwinyi mwaka 1991 chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji. Nilikuwa nimezoea sheria ya darasani: kifungu, hukumu, kifungu. Hawa walikuwa wamezunguka mikoa ya Bara wakiitisha mikutano ya hadhara. Mtu anasimama kwenye vumbi, anaeleza shamba lake lilikwendaje, na maneno yake yanaandikwa. Sikujua kwamba sheria inaweza kuanzia kwenye kusikiliza. Tume ilikabidhi ripoti mwaka 1992. Serikali ilichukua machache ikaliacha kubwa lao, la kuitoa miliki ya msingi ya ardhi mikononi mwa dola. Mojawapo ya mapendekezo lilikuwa kila kijiji kiwe na Baraza la Wazee la Ardhi, linalokaa pale pale mgogoro ulipozaliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilipotoka, kilichopatikana kilikuwa binamu wa wazo hilo: Baraza la Ardhi la Kijiji, watu saba, watatu kati yao wanawake, kazi yao kusuluhisha na si kuamua. Kuamua kulikuja kuwekwa kwenye kata, kwa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika Oktoba 2003. Baraza la Kata lenyewe lilikuwapo tangu sheria ya mwaka 1985. Likabebeshwa ardhi.

Sasa niwapeleke kwenye baraza moja. Kata siitaji jina. Iko mkoani Morogoro, ng'ambo ya mto ambao masika unakata barabara.

Lilikuwa likikaa kila Alhamisi ndani ya ghala la chama cha msingi, kwa hiyo ukiingia unapokewa na harufu ya ufuta na magunia mapya. Wajumbe saba kwenye benchi mbili. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu. Pembeni yake mzee aliyekuwa akitengeneza baiskeli mpaka macho yakamkatalia. Wanawake walikuwa watatu, mmoja wao mkunga wa jadi ambaye alikuwa anazijua ndoa zote za kata ile pamoja na zile ambazo wenyewe wanazificha. Katibu alikuwa kijana wa kidato cha nne, mwandiko mzuri, na mezani kwake kulikuwa na kaunta buku ya kwaya tatu, yaani daftari nene la jalada gumu. Alikuwa akichora mistari ya pembeni kwa kipande cha mbao ya dari, kwa kuwa rula hakuna. Kaunta buku ilinunuliwa kwa fedha za wadai. Kalamu nayo ya mdai: ukifungua shauri unakuja na kalamu yako, na shauri likiisha kalamu inabaki barazani. Niliona debe la Kimbo limejaa kalamu zilizokauka.

Mwaka 2012 lilifika mbele yao shauri la mjane mmoja. Ekari mbili na nusu za mpunga. Mumewe alikuwa amefariki, na shemeji akawa anasogeza mpaka msimu hadi msimu, mpaka siku moja akasema shamba zima ni la ukoo na mke wa marehemu arudi kwao. Alhamisi ya kwanza baraza likawasikiliza wote wawili. Alhamisi ya pili wakaenda shambani, sisi wote tukiwa tumepakiana kwenye bodaboda tatu ambazo mafuta yake yalichangwa na wenye shauri nusu kwa nusu. Mpaka wa zamani ulikuwa wa mikonge. Shemeji akaapa mikonge ile ilikwisha ng'olewa na marehemu mwenyewe enzi za uhai wake. Yule mzee wa baiskeli, ambaye ghalani alikuwa amesinzia muda wote, akapiga magoti, akapapasa majani kwa mkono, akaomba panga, akachimbua kisiki. Akakipasua. Ndani kilikuwa bado cheupe.

"Ulisema mkonge huu ulikatwa lini, mwanangu?"

"Zamani, mzee."

"Zamani ya juzi au ya jana?"

Hakuna aliyecheka kwa sauti, lakini shauri liliishia pale. Uamuzi aliouandika katibu jioni ile una mistari saba. Nina picha yake. Mjane abaki shambani, mikonge irudishwe, shemeji alipe gharama za bodaboda.

Nimekaa kwenye mahakama kubwa zenye viyoyozi na sijaona ushahidi wa mpaka ukipimwa vizuri kuliko siku ile. Baraza lile halikuwa limesoma kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kinachobatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Lilifika palepale kwa panga.

Shemeji akakata rufaa wilayani. Mwaka 2014 akashindwa tena. Akaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikabatilisha kila kitu, kuanzia ghalani, na kuwaambia wenye nia waanze upya. Kosa? Kwenye kumbukumbu za Alhamisi ya pili katibu alikuwa ameandika "Wajumbe wote walikuwepo." Hakuandika majina. Sheria inataka ijulikane nani alikaa, wangapi, na wanawake wangapi, kila kikao. Kumbukumbu isiyoonyesha akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, haithibitishi kwamba kilichokaa siku hiyo kilikuwa Baraza la Kata na si kundi la watu kwenye shamba la mpunga.

Niliusoma uamuzi huo mara nne. Kwa sheria ilivyo, Mheshimiwa Jaji hakukosea, na sitaki barua hii isomwe kama lawama kwake. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zitende haki "bila ya kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi", lakini akidi si sharti la kiufundi tu. Ndiyo inayolipatia baraza mamlaka yake. Ninachosema ni kwamba majina saba, ambayo kila mtu katika kata ile anaweza kuyataja usingizini, yaligharimu miaka saba. Na si shauri lake pekee. Fungueni TanzLII, hifadhi ya hukumu mtandaoni, msome mashauri ya ardhi yaliyotoka kwenye kata: moja limefutwa kwa kutoonyesha akidi, jingine kwa wajumbe kubadilika katikati ya shauri, jingine kwa kutoonyesha jinsia ya waliokaa. Mengi ya maamuzi hayo yapo kwa Kiingereza, kwa hiyo katibu aliyekosea hakuwahi kujua amekosea wapi. Aliendelea kuandika "Wajumbe wote walikuwepo" mpaka kaunta buku ikaisha.

Ingetosha kaunta buku iliyochapwa. Ukurasa wenye mistari minane: jina, jinsia, sahihi. Basi.

Hapa ndipo na mimi ninapoingia, Waheshimiwa, na sitajificha. Mwaka 2013, wakati shauri la yule mama likiwa wilayani, nilisimama kwenye ukumbi wa hoteli moja Dodoma mbele ya maofisa na wafadhili nikawasilisha matokeo ya utafiti wangu. Ripoti ilikuwa ya Kiingereza, kurasa tisini na ushee. Sehemu iliyopigiwa makofi ilikuwa orodha ya udhaifu wa mabaraza ya kata: elimu ndogo ya wajumbe, rushwa, undugu, kumbukumbu mbovu. Yote kweli. Niliyaona kwa macho yangu. Ila kisiki cha mkonge hakikuwemo kwenye zile slaidi. Kilikuwa kwenye tanbihi. Mzee wa baiskeli nilimfanya tanbihi kwa sababu hakuwa na asilimia.

Sisemi ripoti yangu ndiyo iliyobadilisha sheria. Kiburi hicho sina, na ripoti kama yangu zilikuwa nyingi. Lakini orodha ile niliisikia tena. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 3, na hoja zilizokuwa zikizungumzwa pembeni zilikuwa zilezile, karibu kwa mpangilio uleule. Marekebisho yale yaliliondolea Baraza la Kata mamlaka ya kusikiliza na kuamua mashauri ya ardhi. Limebaki kusuluhisha. Likishindwa, linatoa hati kwamba limeshindwa. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda wilayani hata bila hati hiyo.

Mwezi Februari wa mwaka huohuo wa 2021 Bunge lilikuwa limefanya jambo ambalo wengi wetu tulilisubiri tangu tukiwa wanafunzi: lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Nililia kidogo, nakiri, nikiwa kwenye daladala. Haikunipitia akilini kwamba kabla mwaka haujaisha tutaondoa mamlaka ya chombo kilichokuwa kinaamua kwa Kiswahili tangu siku yake ya kwanza, bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Najua hoja ya upande wa pili na sitaidharau. Kuna mabaraza yaliyokuwa mnada. Nimewahi kukaa kwenye moja ambalo mdaiwa aliwanunulia wajumbe soda na chapati kabla ya kikao, mdai akaja na kuku, na mwenyekiti akaahirisha shauri ili, kwa maneno yake, "upande wa pili nao upate nafasi." Kuna mahali wanawake watatu walikuwa pambo la akidi: wamekaa, wametia dole gumba, hawakuulizwa. Mfugaji akifika na mgogoro na mkulima mbele ya baraza la wakulima watupu alikuwa na haki ya kuogopa, na kinyume chake. Wapo waliofurahia marekebisho ya 2021, hasa wanyonge wa kata ambazo baraza lilikuwa la ukoo mmoja. Siwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba alipoteza kitu.

Lakini tujiulize chanzo. Mjumbe wa baraza anakaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa, hajala, hana posho, na anayemwamulia ndiye aliyeleta kalamu. Posho iliachiwa halmashauri, na kwenye halmashauri nyingi nilizopita inaandikwa kwenye bajeti halafu inasubiri makusanyo ya ndani "yakiruhusu". Kwenye kata zile nilizozizoea sikuwahi kuona Alhamisi ambayo yaliruhusu. Fundi baiskeli wangu alihudumu miaka tisa. Nilimuuliza amewahi kulipwa kiasi gani na serikali. Alifikiri kwa muda, maana ni mtu mwaminifu, akasema aliwahi kupewa fulana.

Kwa hiyo kabla ya kumpa karatasi tukamnyang'anya kalamu. Tuliona chombo hakina mafuta tukahitimisha kwamba injini ni mbovu.

Wilayani je, kumekuwaje? Kwa haki, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lina mwenyekiti aliyesomea sheria, lina wazee wa baraza, lina masijala. Pia kuanzia ghalani kwetu hadi huko ni bodaboda, kivuko, basi, na mara nyingi kulala. Mtu anasafiri kuhudhuria shauri anakuta limeahirishwa. Anarudi. Wengi wanasafiri na mashahidi wao, wazee ambao nauli, chakula na godoro la kulala ni juu ya mwenye shauri. Na pale ndipo mawakili wanapoingia. Mbele ya Baraza la Kata wakili haruhusiwi kabisa. Wilayani anaruhusiwa, kwa hiyo mwenye fedha anamweka. Shemeji yule anaye. Mjane hana.

Mama huyo alirudi barazani mwaka 2022. Kwa kuwa amri ilikuwa "aanze upya", alianza upya: alikwenda Alhamisi, na kalamu yake. Baadhi ya wajumbe walikuwa walewale, mkunga akiwemo. Walimkumbuka, walilikumbuka shamba, walikikumbuka kisiki. Shemeji aliitwa mara tatu hakutokea, na kwa nini atokee? Usuluhishi ni wa wawili, na anayekaa kwenye shamba hana haraka. Siku ya thelathini katibu, sasa ni mwingine, akaandika hati: usuluhishi umeshindikana. Mkunga aliniambia mkono wake ulikuwa mzito kutia sahihi. "Sisi tunaujua ukweli wa shauri hili, tumeuandika hapa, halafu tunatia sahihi kwamba tumeshindwa. Tumeshindwa nini?"

Ninyi mtakuwa na jibu la kisheria. Mimi nilikuwa nalo pia. Sikulisema.

Niseme kitu kuhusu sisi watafiti, maana wizara zenu ndizo zinazotupa barua za utambulisho. Kila ofisi ya kijiji ina kitabu cha wageni. Unaandika jina, unakotoka, na madhumuni ya safari. Mwaka 2017, nikisubiri mwenyekiti arudi msibani, nilikifungua kitabu cha kijiji kimoja nikaanza kuhesabu. Kwa miaka minne walikuwa wamepita watu kumi na mmoja ambao madhumuni yao yalikuwa "utafiti", watatu kuhusu ardhi, mmoja wao mimi. Nikamwomba mtendaji anionyeshe ripoti zetu. Alifungua kabati. Kulikuwa na daftari la kodi, bendera, jozi ya viatu vya mvua na kalenda za benki. Ripoti hakuna hata moja. Hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua: "Kwani huwa zinatakiwa kuja huku?"

Nilianza kurudisha baada ya hapo. Si kwa ushujaa, kwa aibu. Naandika kurasa nne za Kiswahili, naomba nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kwa utaratibu unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, nasoma kwa sauti na watu wananisahihisha. Mkutano wa kwanza walinikosoa mambo sita. Mawili nilikuwa nimekwisha kuyachapisha kwenye jarida. Nikajifunza kwamba kuna watu wanaokataa kujibu dodoso ukiwauliza peke yao, lakini hawavumilii kusikia uongo ukisomwa hadharani.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza linatuhusu wenyewe, na halina gharama: kibali cha utafiti wa haki na utawala vijijini kiwe na sharti kwamba matokeo yasomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji kilichotafitiwa, na nakala ibaki kwa mtendaji. Asiyerudisha asipewe kibali kingine. Watafiti wenzangu watanuna. Watazoea.

Ombi la pili ni kaunta buku. Sifanyi mzaha. Chapeni daftari rasmi la Baraza la Kata, lenye ukurasa wa akidi kwa kila kikao, na lifike kwenye kila kata kama zinavyofika karatasi za kura, ambazo hazijawahi kushindwa kuvuka mto wetu. Hata kama kazi ya baraza ni usuluhishi tu, makubaliano yasiyo na kumbukumbu safi yatafutwa kama maamuzi yalivyofutwa.

Kuhusu posho, Waheshimiwa, msituambie fedha hakuna kabla hatujazungumza. Halmashauri kwa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Jambo hilo lilikuwa likifanyika kwa hisani mpaka lilipoingizwa kwenye sheria. Sijui kwa nini haki ya kata iendelee kuwa hisani. Wekeni kiwango, kiwe kidogo, kiwe cha lazima, kisipitie mfukoni mwa mwenye shauri.

Na la mwisho ndilo zito. Rudisheni mamlaka ya kuamua kwa mashauri madogo. Zamani kulikuwa na ukomo wa ardhi yenye thamani ya shilingi milioni tatu. Tafuteni ukomo mwingine unaolingana na bei za leo. Mkihofia ukoo kumeza baraza, mwekeni mtu aliyesoma sheria wa kuzunguka kata tano au sita akikaa nao kama mshauri, asiwe na kura. Vijana wanaohitimu Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo wapo, wengi wanauza laini za simu huku vyeti viko bahashani. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017 nao wapo, wanajitolea, wanajua kata zao kuliko mimi. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ilipofika kwetu nilikwenda kutazama foleni. Ilianza kabla ya jua. Nilizungumza na watu thelathini hivi waliokuwa mbele, na zaidi ya nusu walikuwa na jambo la ardhi, wengi wao la mpaka au mirathi, mambo ambayo mkunga na mzee wa baiskeli wangeyamaliza Alhamisi mbili. Lilikuwa jambo jema, na baada ya siku chache turubai lilikunjwa.

Kuna binti aliyeniandikia mwezi uliopita. Anamaliza shahada ya sheria, anataka kuingia kwenye kazi hii, anauliza inalipa? Nilimjibu kuhusu fedha kwanza, kwa kuwa ndilo aliloliuliza: hailipi, mpaka utafute mradi, na mradi una lugha yake na tarehe yake ya kuisha. Halafu nikamwandikia habari za kisiki. Sijui kama nimemvutia au nimemtisha.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Nimeiona imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi moja ya kata, karibu na tangazo la chanjo ya kuku. Chini yake mtu aliandika kwa penseli, mwandiko mdogo: "yakishafika mtujulishe."

Fundi baiskeli alifariki mwaka jana. Shauri la mama bado liko wilayani. Shahidi wake mkubwa alikuwa yeye. Kilichobaki cha ushahidi wake ni mistari saba kwenye kaunta buku ambayo Mahakama Kuu imesema si kitu, na picha yake ninayo kwenye simu. Limepangwa tena mwezi ujao, Jumatano, saa tatu asubuhi. Mama atafika tangu Jumanne jioni kwa sababu ya kivuko. Nje ya chumba cha shauri kuna benchi moja chini ya mwarobaini, na nitakuwa nimekaa pale tangu saa mbili. Ikiwa yupo msaidizi wenu mmoja mwenye nafasi siku hiyo, aje. Nitamsogezea.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtafiti wa sheria,
Morogoro